Mashine ya kupumulia kwa mgonjwa wa neva za mwendo: uamuzi unaopaswa kutangulia dharura

Mgonjwa wa neva za mwendo anaweza kuishi kwa mashine ya kupumulia kwa miaka mingi, hata baada ya mikono, miguu na ulimi wake kuacha kutii. Japani imelithibitisha jambo hilo kuliko karibu nchi nyingine yoyote. Hata hivyo, mashine hiyo haiponyi ugonjwa wala haiuzuii kuendelea. Inachokitoa ni muda, na thamani ya muda huo hutegemea mambo yaliyo nje ya mashine yenyewe: mikono ya wauguzaji, umeme, sheria ya nchi, na zaidi ya yote, kama mgonjwa aliulizwa mapema anataka nini.

Makala haya yanaeleza jinsi ugonjwa huo unavyoathiri pumzi, aina za mashine zinazotumika, na yale ambayo familia hupaswa kuyajua kabla ya usiku wa dharura kufika.

Ugonjwa wa neva za mwendo ni nini?

Ni ugonjwa unaoua seli za neva zilizomo katika ubongo na uti wa mgongo, zile zinazopeleka amri kwa misuli. Seli hizo zinapokufa, misuli hukosa amri, hudhoofika na kusinyaa. Kwa wengine udhaifu huanzia mkononi au mguuni. Kwa wengine huanzia kwenye ulimi na koo, mgonjwa akianza kukokoteza maneno au kupaliwa na chakula. Aina yake iliyoenea zaidi hujulikana kimataifa kwa herufi ALS. Katika nchi zinazotumia Kifaransa huitwa pia ugonjwa wa Charcot, kutokana na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyeueleza katika karne ya 19.

Ugonjwa huu hauambukizi. Katika familia chache hurithiwa, lakini wagonjwa wengi hawana ndugu mwingine aliyewahi kuugua. Katika nchi za Ulaya, watu wapatao wawili katika kila watu 100,000 hugunduliwa kuwa nao kila mwaka. Huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 50, ingawa vijana hawakusalimika.

Kuona, kusikia na hisia za ngozi kwa kawaida hubaki salama. Wagonjwa wengi hubaki na akili timamu hadi mwisho, ijapokuwa baadhi hupata mabadiliko ya fikra na tabia. Kwa hiyo mtu asiyeweza kusema wala kuinua kidole anaweza kuwa anasikia na kuelewa kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake.

Kwa nini pumzi hupungua?

Mapafu ya mgonjwa huyu kwa kawaida hayana kasoro. Tatizo liko kwenye misuli inayoyaendesha, hasa kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kinapodhoofika, hewa safi huingia kidogo na hewa ya ukaa hushindwa kutoka yote. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wasiotumia mashine hufariki kwa kushindwa kupumua, mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili za kwanza kuonekana.

Dalili za mwanzo huonekana usiku, na kwa hiyo hupuuzwa kwa urahisi. Mgonjwa hushindwa kulala chali, huamka mara kwa mara, huota ndoto za kutisha, na asubuhi huumwa kichwa. Mchana husinzia na kuchoka bila sababu inayoonekana. Kikohozi chake huwa dhaifu, na sauti yake hufifia kabla ya sentensi kuisha. Hospitali zenye vifaa hupima kiasi cha hewa ambacho mgonjwa anaweza kuvuta na kutoa, nguvu ya kuvuta hewa kwa pua, na kiwango cha gesi katika damu.

Hapa pana onyo moja. Familia nyingi, zikimwona mgonjwa anatweta, hukimbilia mtungi wa oksijeni. Kwa ugonjwa huu, oksijeni peke yake inaweza kudhuru, kwa kuwa haimsaidii mgonjwa kutoa hewa ya ukaa na huweza kuifanya ilimbikizane zaidi, hadi mgonjwa apoteze fahamu. Upungufu wake ni wa nguvu ya kusukuma hewa, na nguvu hiyo hutolewa na mashine ya kupumulia. Oksijeni itolewe kwa ushauri na uangalizi wa daktari anayeufahamu ugonjwa.

Mashine ya barakoa

Aina ya kwanza ya mashine haihitaji upasuaji. Mgonjwa huvaa barakoa puani, au puani na mdomoni, na mashine ndogo husukuma hewa kila anapojaribu kuvuta pumzi. Kwa kawaida huanza kutumiwa usiku pekee, kisha saa huongezeka kadiri misuli inavyodhoofika.

Utafiti uliofanyika Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2006 ulipima faida yake kwa wagonjwa 41. Wale ambao misuli ya ulimi na koo ilikuwa bado na nguvu ya kutosha waliishi muda mrefu zaidi wakitumia mashine, kwa wastani wa kati wa siku 205, na hali ya maisha yao ilibaki bora. Kwa wale ambao koo lilikwisha kudhoofika sana, mashine iliboresha usingizi na baadhi ya dalili, lakini haikuonyesha kurefusha maisha. Kwa kulinganisha, riluzole, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hukadiriwa kuongeza miezi miwili au mitatu tu.

Barakoa ina taabu zake. Huchubua ngozi ya pua, hewa huvuja kandokando, na mate yanayojaa mdomoni humsumbua asiyeweza kumeza. Inafika siku mgonjwa hawezi kuivua hata dakika chache ili ale au aoge. Siku hiyo barakoa huwa haitoshi tena, na swali gumu zaidi hujitokeza.

Mashine ya kooni

Aina ya pili huhitaji upasuaji. Daktari hutoboa tundu mbele ya shingo, huingiza mrija katika bomba la hewa, na mashine hupumua badala ya mgonjwa usiku na mchana. Njia hii inaweza kumweka mtu hai kwa miaka mingi, wengine zaidi ya miaka 10, kwa sababu kushindwa kupumua, ambako kwa kawaida ndiko huua, kumewekewa kizuizi.

Kazi inayofuata ni kubwa. Makohozi hujaa katika mrija na lazima yafyonzwe kwa mashine nyingine, mara nyingi kwa siku na usiku pia. Mrija ukiziba au ukichomoka, dakika chache zinatosha kuleta kifo. Hivyo lazima awepo mtu aliye macho, aliyefundishwa, saa zote 24. Wagonjwa wengi hupoteza sauti yao, kama ulimi haukuwa umekwisha kuipoteza.

Ugonjwa nao huendelea chini ya mashine. Macho kwa kawaida ndiyo ya mwisho kutii, na kwayo mgonjwa huonyesha herufi kwenye ubao au huendesha kompyuta. Lakini kwa baadhi ya walioishi muda mrefu, hata macho huacha kusogea. Mtu huyo hubaki hai bila njia yoyote ya kusema ndiyo au hapana.

Tofauti hii na magonjwa mengine inatokana na historia ya mashine zenyewe. Zilibuniwa kwa ajili ya watu waliotazamiwa kupata nafuu. Pipa la chuma la kupumulia lilitumika mara ya kwanza Boston mwaka 1928, na mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio mjini Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alionyesha kuwa hewa inaweza kusukumwa moja kwa moja kupitia tundu la kooni. Kwa kuwa mashine zilikuwa chache, wanafunzi wa udaktari walipokezana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana. Wagonjwa wengi wa polio walipumua tena wenyewe baada ya wiki au miezi. Mgonjwa wa neva za mwendo hana matarajio hayo, kwa hiyo kuanza kutumia mashine ya kooni ni kuingia katika hali itakayodumu hadi mwisho wa maisha.

Japani: miaka iliyoongezwa, na mzigo wake

Katika Japani inakadiriwa kuwa kati ya robo na thuluthi ya wagonjwa wa ALS huchagua mashine ya kooni. Uingereza ni wachache sana wanaofikia hatua hiyo. Madaktari wa nchi hizo mbili wanaujua ugonjwa uleule na wanazo mashine zilezile. Kinachotofautiana ni mpangilio wa jamii.

Japani imeuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa magumu ambayo serikali husaidia gharama zake, na bima ya afya hulipia mashine nyumbani. Chama cha wagonjwa wa ALS, kilichoundwa mwaka 1986, kimepigania haki za wanachama wake kwa miongo kadhaa. Mwaka 2003 serikali iliruhusu wasaidizi wasio wauguzi kufyonza makohozi ya wagonjwa hawa nyumbani, na kuanzia mwaka 2012 sheria iliweka mafunzo na vyeti kwa kazi hiyo. Katika baadhi ya miji, mgonjwa anaweza kupewa wasaidizi wa zamu kwa saa zote 24.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Yasuhiko Funago, aliyegunduliwa kuwa na ALS mwaka 2000 na ambaye anaishi kwa mashine ya kooni. Mwezi Julai 2019 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Juu la bunge la Japani. Hakuweza kusema wala kusimama. Aliandika kwa kompyuta na kuonyesha herufi kwa macho, na msaidizi akamsomea maneno yake bungeni. Jengo la bunge lilirekebishwa ili kiti chake kipite. Papo hapo ikadhihirika kasoro: ruzuku ya serikali ya wasaidizi ilikuwa haiwahusu wagonjwa walio kazini, na ikalazimu baraza lenyewe ligharimie. Funago alijiuzulu Januari 2023 kwa sababu za afya.

Hata huko mambo si mepesi. Huduma hutofautiana kati ya mji na mji, na pale zinapopungua, kazi yote humwangukia mke, mume au binti. Watafiti wameeleza kwamba wanawake wa Japani huchagua mashine ya kooni kwa nadra kuliko wanaume, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mwanamke aliyezoea kuwauguza wengine huona vigumu kuwatwisha wengine kumuuguza yeye. Lipo pia suala la umeme. Tetemeko la ardhi na tsunami vya Machi 2011 vilipokata umeme kaskazini-mashariki mwa nchi, familia zilizokuwa na wagonjwa nyumbani zililazimika kutafuta betri, jenereta na hata umeme wa magari ili pumzi isikatike.

Je, mashine inaweza kuzimwa?

Katika swali hili Japani na Uingereza zimechukua njia tofauti. Japani haina sheria inayosema wazi kama daktari anaweza kuiondoa mashine kwa ombi la mgonjwa. Madaktari wengi huogopa kushtakiwa, kwa hiyo mashine ikishawekwa, huonekana kuwa haiondoki. Baadhi ya wagonjwa huikataa tangu mwanzo kwa hofu hiyohiyo: hawataki kuanza jambo ambalo hawataruhusiwa kulimaliza.

Uingereza msimamo ni mwingine. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kuhusu mwanamke aliyepooza, aliyetambuliwa kwa herufi B pekee, kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa mashine ya kupumulia, hata kama kuondolewa kwake kutaleta kifo. Sheria ya mwaka 2005 inayohusu Uingereza na Wales ilimwezesha mtu kuandika mapema tiba ambazo hatazitaka siku atakapokuwa hawezi kusema. Mwaka 2015 madaktari wa tiba shufaa nchini humo walitoa mwongozo wa namna ya kuiondoa mashine kwa mgonjwa wa neva za mwendo aliyeomba: dawa za kuzuia hofu na kubanwa pumzi hutangulia, na mashine hupunguzwa pale tu mgonjwa anapokuwa katika utulivu. Kisheria, kinachohesabiwa kumuua ni ugonjwa, si daktari.

Viongozi wa dini nao wamelizungumzia suala la mashine. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12, akiwahutubia madaktari wa nusukaputi, alisema kuwa mtu hana wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman, liliruhusu kuondolewa kwa mashine pale ubongo unapokuwa umekoma kabisa kufanya kazi. Mgonjwa wa neva za mwendo hayumo katika hali hiyo ya pili, kwa sababu ubongo wake unafikiri. Familia yenye shaka inafaa imfikishie sheikhe, padri au mchungaji maelezo kamili ya ugonjwa, ili asije akatoa jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Pumzi na nyumba za kanda yetu

Kwa familia nyingi za Maziwa Makuu, msaidizi wa saa 24 anayelipwa na serikali ni jambo la mbali, na umeme hukatika bila kungoja tetemeko. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya mapema yana uzito mkubwa zaidi hapa. Mgonjwa ambaye hakuulizwa anaweza kufikishwa hospitalini akiwa hana fahamu, akawekewa mrija katika chumba cha wagonjwa mahututi, na familia ikajikuta inalipia kila siku mashine ambayo hajulikani aliitaka au la.

Kukataa mashine hakumaanishi kuachwa afe kwa kukabwa. Kubanwa pumzi hutibika. Mofini kwa kipimo kidogo, ikitolewa na mtaalamu, hupunguza hisia ya kukosa hewa na kumtuliza mgonjwa. Katika jambo hili kanda yetu ina jambo la kufundisha wengine. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993, lilieneza matumizi ya mofini ya maji, inayonyweka na yenye bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuiandika dawa hiyo, badala ya kumngoja daktari ambaye huenda yuko wilaya nyingine.

Maswali yasiyongoja dharura

Wataalamu hushauri mazungumzo yaanze mapema, wakati mgonjwa bado ana sauti yake, na yarudiwe kadiri hali inavyobadilika. Mambo ya msingi ni haya:

Je, mgonjwa anataka kuelezwa yote kuhusu ugonjwa wake, na anataka nani awepo anapoelezwa?

Je, angependa kujaribu mashine ya barakoa? Ni nani nyumbani atajifunza kuitumia, na umeme ukikatika kuna betri ya saa ngapi?

Akianguka ghafla, anataka awekewe mrija kooni, au atulizwe kwa dawa?

Akikubali mashine ya kooni, ni hali gani ikifika angetaka isimamishwe? Sheria ya nchi inaruhusu? Kama hairuhusu, ameambiwa hivyo kabla ya upasuaji?

Nani atasema kwa niaba yake, na matakwa yake yameandikwa wapi?

Majibu yanaweza kubadilika. Wapo waliokataa mashine wakiwa na nguvu, wakaitaka baadaye walipoona mjukuu akizaliwa; wapo pia walioipokea na kisha wakachoka. Anayejibu ni mgonjwa, na jibu la mwisho alilolitoa ndilo linalohesabiwa.

Mwanafizikia Stephen Hawking aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21, na akatabiriwa kuishi miaka michache tu. Mwaka 1985 alipatwa na nimonia akiwa Geneva, na madaktari wakamuuliza mkewe, Jane, kama mashine izimwe. Mkewe alikataa. Hawking alirudishwa Cambridge, akatobolewa koo, akapoteza sauti, na miaka mitatu baadaye kitabu chake kilichompa umaarufu duniani kikachapishwa. Alifariki Machi 2018 akiwa na miaka 76. Ugonjwa wake ulikwenda polepole kwa namna isiyo ya kawaida, na haifai kumpimia mgonjwa mwingine kwa kipimo chake. Lakini swali aliloulizwa mkewe huulizwa katika hospitali nyingi, na mara nyingi anayeulizwa ni ndugu aliyesimama ukumbini usiku, asiyejua mgonjwa angejibu nini. Familia iliyokwisha kuzungumza humwondolea ndugu huyo mzigo wa kubahatisha.